Mji wa kati hukupa muda, lakini hukupunguzia milango

Watu wanaofikiria kuhama jiji kubwa huuliza swali moja kabla ya mengine yote: maisha ya huko ni nafuu kiasi gani? Swali halina ubaya, ila limekaa pembeni. Unafuu wa kodi ya nyumba huonekana mapema, na mara nyingi huyeyuka mapema vile vile. Yanayodumu ni mambo mawili ambayo hayaandikwi kwenye tangazo la nyumba: saa ngapi za siku zitabaki mikononi mwako, na siku ukipoteza kazi utakuwa na milango mingapi ya kubisha. Mji wa ukubwa wa kati ni mkarimu sana katika hilo la kwanza, na mchoyo katika la pili. Naamini kwa watu wengi mapatano hayo yanalipa. Hayalipi kwa kila mtu, wala kwa kila umri, na anayehama bila kujua yuko upande gani anaweza kujikuta amenaswa ndani ya maisha mazuri asiyoweza kuyagharamia.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Umoja wa Mataifa, katika takwimu zake za ukuaji wa miji, huita wa kati mji wenye watu milioni 1 hadi milioni 5. OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi tajiri, hulenga maeneo ya mijini yenye watu 200,000 hadi 500,000. China ilipopanga upya madaraja ya miji yake mwaka 2014 iliamua kwamba wa kati ni wenye wakazi 500,000 hadi milioni 1, na chini ya hapo ni mji mdogo. Wataalamu wenyewe hawajakubaliana, na sishangai, kwa sababu idadi ya vichwa haisemi mengi. Reykjavík ina wakazi wapatao 140,000 tu, lakini kwa kuwa ni makao makuu ya Iceland ina bunge, chuo kikuu, hospitali kuu ya taifa na ukumbi wa taifa wa tamthilia. Mji wa ukubwa huo huo ndani ya nchi ya watu milioni 80 ungekuwa na hospitali ya kawaida na stesheni ambayo treni za mwendo kasi huipita bila kusimama. Kwa hiyo ninaposema mji wa kati namaanisha ule ulio na karibu kila kitu unachohitaji wiki hadi wiki, lakini kwa mambo machache makubwa bado unalazimika kuangalia kwingine.

Na tusidhani tunajadili jambo la watu wachache. Mwaka 2018 Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba karibu nusu ya wakazi wote wa mijini duniani wanaishi katika miji yenye watu chini ya 500,000, na ni mmoja tu kati ya wanane anayeishi katika majiji 33 yaliyokuwa na zaidi ya watu milioni 10. Majiji hayo 33 ndiyo yanayochukua nafasi kubwa katika habari na mijadala. Maisha ya wengine wote hujadiliwa kwa nadra, na mara nyingi na watu waliopita tu wakiwa likizo.

Nianze na muda, maana hapo ndipo mji wa kati unaposhinda bila ubishi.

Mwaka 1994 mwanafizikia Mwitaliano Cesare Marchetti, akiendeleza kazi ya mtafiti wa usafiri Yacov Zahavi, alieleza jambo ambalo wapanga miji wamelishika tangu hapo: binadamu wa zama na mazingira tofauti wana mazoea ya kutumia wastani wa saa moja hivi kwa siku wakiwa njiani. Wakipata chombo chenye kasi zaidi hawapumziki kwa muda uliookolewa. Wanahamia mbali zaidi. Mji ambao unaweza kuukatiza wote kwa nusu saa unakaa ndani ya mpaka huo wenyewe, bila treni ya chini ya ardhi wala barabara za juu. Jiji la watu milioni 15 linapambana na mpaka huo kila asubuhi, na wanaoumia zaidi ni walewale wasio na uwezo wa kupanga nyumba karibu na kazi.

Tupige hesabu. Mfanyakazi mmoja anatumia dakika 20 kufika kazini, mwenzake dakika 70. Ukihesabu kwenda na kurudi, tofauti ni dakika 100 kwa siku. Kwa siku 220 za kazi katika mwaka, hizo ni dakika 22,000, zaidi ya saa 366. Ni sawa na siku 45 za kazi za saa nane, yaani wiki tisa. Hakuna mwajiri anayetoa likizo ya ziada ya wiki tisa, lakini mpangilio wa mji unaweza kukupa au kukunyang'anya.

Tena wastani huo unaficha jambo zito zaidi, nalo ni uhakika. Dakika 20 za mji wa kati ni 20 leo na kesho. Zile 70 za jiji zinaweza kuwa 50 au 120, na kwa sababu hujui, unajiwekea akiba: unatoka mapema, unakataa miadi ya jioni, hupangi kitu katikati ya wiki. Shule ikipiga simu saa nne asubuhi kwamba mtoto ana homa, mzazi wa mji wa kati anaaga, anamchukua mtoto, anampitisha kwa daktari, anamwacha kwa bibi au jirani anayeaminika, na saa saba mchana yuko tena mezani pake. Mzazi wa jiji kubwa akishatoka ofisini, siku hiyo imekwisha. Ikitokea mara kadhaa katika muhula mmoja, mmoja wa wazazi hao wawili anaanza kutafuta kazi ndogo zaidi iliyo karibu na nyumbani, na mara nyingi huyo ni mama. Ajira za wanawake wengi zimekatishwa na umbali, wala hakuna mtu aliyewafukuza.

Ukubwa huu pia unaupa mji nafasi ya kujibadilisha. Groningen, kaskazini mwa Uholanzi, iligawa katikati ya mji katika kanda nne mwaka 1977. Gari halikuruhusiwa tena kuvuka kutoka kanda moja kwenda nyingine moja kwa moja: lilitakiwa kurudi hadi barabara ya mzunguko na kuingilia upande mwingine. Mwenye baiskeli na mtembea kwa miguu waliendelea kupita watakako. Wafanyabiashara walilalamika sana wakati ule, lakini mpango uliendelea, na leo Groningen inatajwa miongoni mwa miji ya baiskeli inayoongoza Ulaya. Mpango wa namna hiyo uliwezekana kwa kuwa safari nyingi za mji ule zilikuwa fupi tangu mwanzo. Baiskeli inashindana na gari katika kilomita tatu au nne. Katika kilomita 25 haishindani.

Hata hivyo ukubwa peke yake hautoshi. Uko mji wa kati uliotambaa kando ya barabara kuu, huku maduka upande huu, ofisi upande ule, na basi moja kwa saa ambalo saa mbili usiku limeshalala. Katika mji huo kila mtu mzima analazimika kumiliki gari, na unafuu wa kodi ya nyumba unaishia kwenye mafuta na gereji. Kijana asiye na leseni na mzee aliyeacha kuendesha hubaki nyumbani. Hapo mkazi anabeba hasara za ukubwa wa kati huku ile faida yake kuu imemponyoka, na ningemshauri mtu yeyote atazame ratiba ya basi la jioni kabla ya kutazama picha za sebule.

Sasa milango.

Adam Smith aliandika mwaka 1776 kwamba mgawanyo wa kazi unawekewa mpaka na ukubwa wa soko, na akatoa mfano wa mpagazi: hata kazi ya kubeba mizigo, alisema, haiwezi kumlisha mtu mahali pengine popote ila katika mji mkubwa. Kadiri ujuzi wako unavyokuwa mwembamba, ndivyo unavyohitaji watu wengi zaidi ili wapatikane wachache wanaouhitaji. Muuguzi, mwalimu, fundi umeme, mhasibu na dereva wa lori wanahitajika kila mahali palipo na watu. Mwanasheria wa hakimiliki za muziki, mhandisi wa injini za ndege, mtafsiri wa mikutano, mtaalamu wa bima za meli, hao wanahitaji jiji, au mji mmoja mahsusi ulioshikilia sekta yao.

Ugumu huanza kaya inapokuwa na watu wawili wa namna hiyo. Muuguzi akihamia mji wa kati na mume ambaye ni mtafiti wa dawa, yeye hupata kazi kabla ya masanduku kufunguliwa. Mume anaweza kukuta maabara moja tu inayofanya kazi anayoijua, nayo haina nafasi. Miezi sita ya kwanza atasema anapumzika. Baada ya mwaka ataanza kufundisha masomo ya ziada, na baada ya miaka mitatu wasifu wake utakuwa na pengo ambalo kila mwajiri ataliuliza. Wachumi Dora Costa na Matthew Kahn walionyesha mwaka 2000, kwa takwimu za Marekani za kuanzia 1940 hadi 1990, kwamba wanandoa ambao wote wawili wana elimu ya chuo kikuu walizidi kujikusanya katika majiji makubwa, na sehemu kubwa ya sababu ilikuwa hii hii: ni vigumu kuoanisha kazi mbili za kitaalamu katika mji wenye waajiri wachache. Anayehama peke yake anapiga hesabu moja. Wawili wanapiga hesabu mbili ambazo lazima zijibiwe mahali pamoja.

Mishahara nayo haifuati huruma. Mwaka 2007 Luís Bettencourt, Geoffrey West na wenzao walichapisha uchambuzi wa miji ya nchi kadhaa ulioonyesha kwamba idadi ya watu ikiongezeka maradufu, kipato, ubunifu na mambo mengine yanayotokana na watu kukutana huongezeka kwa takriban asilimia 15 kwa kila mkazi. Uhalifu na baadhi ya magonjwa ya kuambukiza huongezeka kwa mwendo unaokaribiana na huo. Anayekwenda mji wa kati anapunguza vyote viwili kwa pamoja, na hawezi kuomba apunguziwe kimoja tu.

Lakini kuna utafiti mwingine ambao kwangu ndio unaobadilisha namna ya kuuliza swali lenyewe. Jorge De la Roca na Diego Puga walifuatilia wafanyakazi wa Uhispania, na katika makala waliyoichapisha mwaka 2017 walionyesha kwamba sehemu kubwa ya faida ya jiji kubwa ni mafunzo. Mtu anayefanya kazi katika jiji kubwa hukusanya uzoefu wenye thamani zaidi mwaka hadi mwaka, na akiondoka kwenda mji mdogo huondoka na sehemu kubwa ya thamani hiyo. Haimtoki mpakani.

Tafakari maana yake kwa kijana wa miaka 23. Akianza katika mji wa kati kwa sababu kodi ni rahisi, anaokoa fedha katika miaka ambayo angekuwa anajifunza haraka kuliko wakati mwingine wowote wa maisha yake, akiwa na wazee wa kazi wengi wa kuwatazama na kampuni nyingi za kuhamia. Akianza katika jiji kubwa, akavumilia chumba kidogo na safari ndefu, kisha akahamia mji wa kati akiwa na miaka 33 na mtoto mmoja, anafika na mtaji ambao mji ule usingempa kwa kasi hiyo. Nafahamu si kila kijana ana uwezo wa kuanza jijini, na wapo wanaotunza wazazi na hawana uhuru wa kuchagua. Lakini kwa mwenye uhuru huo, mtu asimdanganye kwamba ukubwa wa mji ni suala la ladha tu. Ni suala la mpangilio wa umri pia.

Kuna hatari moja ambayo naiona kubwa kuliko zote, nayo ni mji unaosimama kwa mguu mmoja. Flint, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, ilikuwa na wakazi karibu 197,000 mwaka 1960. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya magari ya General Motors ilikuwa imeajiri watu wapatao 80,000 katika eneo hilo. Ilikuwa kazi ya uhakika, yenye mshahara mzuri, na mtu aliyenunua nyumba pale alionekana mwenye akili. Viwanda vilipofungwa, kazi iliondoka na thamani ya nyumba ikaondoka nayo. Mwajiri na akiba ya mfanyakazi vilikuwa vimefungwa kwenye kigingi kimoja. Sensa ya 2020 ilikuta watu takriban 81,000.

Lililofuata Flint linaonyesha udhaifu mwingine wa miji hii. Mapato ya manispaa yalipokauka, jimbo liliteua msimamizi wa dharura, na Aprili 2014 chanzo cha maji kilibadilishwa kwenda Mto Flint ili kuokoa fedha. Maji hayo hayakutiwa dawa ya kuzuia ulikaji, yakayala mabomba, na madini ya risasi yakaingia kwenye maji ya kunywa. Wakazi walileta chupa za maji ya rangi ya kahawia kwenye mikutano. Walijibiwa kwa miezi mingi kwamba maji ni salama. Siamini kwamba jiji lenye magazeti kadhaa, wabunge wengi na makao makuu ya kampuni kubwa lingepuuzwa kwa muda mrefu kiasi hicho. Mji wa kati ukiyumba, hauna sauti inayofika mbali.

Linganisha na Rochester, katika jimbo la New York. Huko mwajiri mkuu alikuwa Kodak, kampuni ya kamera na filamu za picha, iliyokuwa na wafanyakazi zaidi ya 60,000 mjini hapo mwanzoni mwa miaka ya 1980 na ikaomba kinga ya ufilisi Januari 2012. Rochester iliumia: kutoka wakazi 332,000 mwaka 1950 hadi 211,000 mwaka 2020, na umaskini bado ni mkubwa katika mitaa yake. Lakini haikuanguka kama Flint. Ilikuwa na chuo kikuu chenye hospitali ya rufaa na taasisi ya elimu ya mwanga iliyoanzishwa mwaka 1929. Wahandisi waliopoteza kazi Kodak walikuta kampuni ndogo za lenzi na leza zinazohitaji mikono yao, na wengine walianzisha za kwao. Leo mwajiri mkubwa wa mji huo ni chuo kikuu. Miji yote miwili ilifiwa na mwajiri mkuu, ila mmoja ulikuwa na pa kushika.

Kwa sababu hiyo, mtu akiniambia mji fulani unakua kwa kasi kwa sababu kampuni moja kubwa imejenga kiwanda, siusifu upesi. Nauliza nani mwingine yupo.

Upande wa huduma kuna hesabu nyingine ambayo meya mwenye bidii hawezi kuiondoa. Mwaka 1933 mwanajiografia Mjerumani Walter Christaller alieleza kwamba kila huduma ina idadi yake ya chini ya wateja, na chini ya idadi hiyo haiwezi kujiendesha. Duka la mkate linahitaji wachache. Hospitali ya upasuaji wa ubongo inahitaji mamia ya maelfu.

Mfano ulio wazi ni kiharusi. Mtu ambaye mshipa wa ubongo umezibwa na bonge la damu anatakiwa apewe dawa ya kuliyeyusha ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na mapema zaidi ni bora zaidi. Hospitali nzuri ya mji wa kati, yenye mashine ya CT ya kupiga picha za ubongo na daktari wa zamu aliyefunzwa, inaweza kuifanya kazi hiyo, tena gari la wagonjwa halikwami kwenye foleni. Kwa mgonjwa huyo, mji wa kati ni bahati. Lakini bonge likiwa kubwa na limeziba mshipa mkuu, linahitaji kuvutwa kwa mrija na bingwa mwenye timu iliyo tayari usiku na mchana. Timu hiyo haiwezi kuwekwa kila mahali, kwa kuwa wagonjwa wake ni wachache, na bingwa asiyeifanya kazi hiyo mara kwa mara hupoteza wepesi wa mkono. Basi mgonjwa anasafirishwa, na kila dakika ya safari ina gharama yake ndani ya ubongo. Umbali kati ya mji unaoufikiria na hospitali kubwa ya karibu ni taarifa muhimu kuliko umbali wa kwenda ufukweni, hasa kwa mwenye mzazi mzee au ujauzito wenye matatizo.

Hesabu hiyo hiyo inagusa shule ya mtoto mwenye mahitaji maalumu, mwalimu wa fidla, ndege ya moja kwa moja, na kundi la watu wanaopenda jambo usilolikuta kwa wengi. Huduma huwa ipo, lakini ipo moja. Ukigombana na daktari wa meno wa watoto, hakuna wa pili.

Hapo tunafika kwenye suala la watu, ambalo wanaosifu mji wa kati hulisimulia nusu tu. Mwaka 1903 Georg Simmel, mwanasosholojia wa Berlin, aliandika kwamba jiji kubwa humfanya mtu ajivike ubaridi ili asilemewe, na papo hapo humpa uhuru ambao mji mdogo haumpi. Mji wa kati uko kati ya hayo mawili kwa namna ya pekee. Hujulikani na kila mtu, ila miduara inaingiliana. Fundi bomba anafanya kazi vizuri kwa kuwa anajua jina lake litafika kwa wateja wengine kabla ya jua kuzama. Diwani hana budi kujibu, kwa sababu atakukuta sokoni. Watu wachache wenye nia wakijaa kwenye ukumbi wa mkutano wanaweza kuokoa maktaba. Hayo ni mambo ya thamani, na nayapenda kwa dhati.

Sasa geuza upande wa pili. Umeacha kazi baada ya ugomvi na bosi. Mwajiri anayefuata anaimba naye kwaya moja. Ndoa yako imevunjika, na mkahawa mzuri uliopo ni ule ule mtakaokutana. Mtu wa imani, asili au namna ya maisha iliyo tofauti na ya wengi anaweza kuishi miaka bila kutukanwa na bado akahisi anatazamwa kila siku. Jiji kubwa lingempa watu wake, hata kama ni mia tano tu kati ya milioni kumi, na mia tano wanatosha kuwa na jumuiya. Kwa mtu huyo upole wa mji wa kati una uzito ambao jirani yake hauoni, na sidhani ni haki kumwambia avumilie kwa sababu kodi ni nafuu.

Kuhusu hiyo kodi nitasema kidogo. Unafuu wa nyumba unategemea wengine wasiuone. Boise, mji wa jimbo la Idaho nchini Marekani wenye watu zaidi ya 230,000, ulishuhudia bei za nyumba zikiruka mwaka 2020 na 2021 wakati watu wenye mishahara ya majimbo ya pwani walipoweza kufanya kazi kutoka mbali. Wenyeji waliokuwa wakilipwa kwa viwango vya Idaho walijikuta wakishindania nyumba na mishahara ya California. Na kazi hiyo ya mbali ambayo wengi waliitegemea imeonekana kuwa ruhusa inayoweza kufutwa kwa barua pepe moja. Mtu aliyehama akiwa na ruhusa hiyo tu ana mlango mmoja, na ufunguo uko kwa mwajiri.

Ipo njia ya kupunguza makali ya haya yote, na wachumi wameijua tangu mwaka 1973, pale William Alonso alipozungumzia mji unaoazima ukubwa wa majirani zake. Haarlem, Leiden, Delft na Utrecht za Uholanzi ni miji ya kati, lakini imeunganishwa kwa treni za mara kwa mara kiasi kwamba mkazi wa Utrecht hufika Amsterdam kwa chini ya nusu saa. Analala katika mji anaoweza kuukatiza kwa baiskeli na anatafuta kazi katika soko la mamilioni ya watu. Huo ndio mpangilio ninaouona bora kuliko yote niliyoyajadili hapa, na bei ya nyumba za Utrecht inaonyesha kwamba wengi wamegundua hivyo. Miji iliyo mbali na peke yake haina msaada huo. Inabidi iwe na kila kitu au ikose, na kijana wao akienda chuo jijini mara nyingi harudi.

Kwa hiyo mpimo wangu ni huu. Kabla ya kusaini mkataba wa nyumba, chukua karatasi uandike majina ya waajiri wa mji huo wanaoweza kukulipa kwa ujuzi ulio nao sasa, halafu mwenzi wako aandike ya kwake bila kutazama yako. Yahesabu makampuni yanayomilikiwa na mmiliki mmoja kama jina moja. Ongeza majina yaliyo katika miji inayofikika kwa saa moja kwa usafiri ambao kweli upo asubuhi, maana wa kwenye ramani hauwezi kukupeleka kazini. Orodha zote mbili zikiwa na majina matano au zaidi, nenda, na ukiweza nunua. Moja ikiwa na jina moja au mawili, nenda ukipenda, lakini panga nyumba, usinunue, na usiache akiba yako yote ikae katika mtaa ambao thamani yake inashikiliwa na geti la kiwanda kimoja.